Taa Nyekundu Ukweni Bondo

Nichekeni tu, mradi Akinyi asijue nimewaambia. Nilikuwa nimejiundia miwani ya kunasa ndoto. Macho yakianza kuchezacheza usingizini, waya uliwasha balbu nyekundu. Mwanga wake hupenya kope hadi ndotoni; ukiuona ukimetameta popote, unajua unaota, na ndotoni unafanya utakalo. Nilijizoeza kuiamini hiyo balbu hadi nikakosa usingizi wa maana.

Katika hali hiyo nikatoka Kisumu kwenda Bondo kujitambulisha kwa wazazi wa Akinyi, mchumba wangu. Kwetu Wajaluo mama mkwe haguswi, hata mkono humpi.

Chai ikanilegeza. Mama alipoingia kunikaribisha, muziki uliokuwa ukicheza ukaanza kuvutika ajabu, na juu ya kabati taa nyekundu ikametameta. Kumbe naota! Mimi sifanyi jambo bila kuhakikisha, basi nikaitazama tena. Ikametameta tena. Nikainuka kwa raha zangu, nikamshika mama kiuno, nikamzungusha sebuleni.

“Wewe!” Akinyi akapiga kelele. “Huyo ni mama!”

“Najua,” nikamjibu nikitabasamu, nikiionyesha ile taa kwa kidole. “Nikiamka atakuwa ameenda.”

Baba yake akaweka kikombe chini taratibu.

“Kijana, hiyo ni redio kaseti, betri zinaisha. Sasa wachilia bibi yangu.”