Kibuyu Changu Kimemfukuza Kijana Wangu

Admin, nakuomba jina langu lisionekane, maana huku upande wa Merigi watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, watoto wanne. Nimechuna majani chai kwa kampuni miaka kumi na tisa, mpaka mashine za kuchuna zikaletwa tukaambiwa twende nyumbani.

Nilirudi nikakaa. Nasema nikakaa kwa sababu hakuna kingine nilifanya. Nikimaliza kukamua ng'ombe naketi jikoni naangalia ukuta, mpaka mzee wangu arudi aulize kwani leo hakuna chai. Usingizi ukaisha, chakula kikanishinda. Na kitu kilichoniuma zaidi singeweza kumwambia mtu. Kijana wangu wa kwanza ndiye aliandikwa kuendesha mojawapo ya hizo mashine. Mshahara wake ndio ulikuwa unatulisha, sasa ningemlalamikia nani?

Jirani yangu alichoka kuniona hivyo, akaniburuta kwa kikundi cha akina mama wanaokutana Alhamisi nyuma ya kanisa. Wanapamba vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, wanachora kwa msumari wa moto halafu wanapanga shanga. Nilienda nimenuna. Lakini mimi shuleni nilichapwa sana kwa kuchora kwa daftari ya hesabu, na hiyo siku mkono ukakumbuka. Hao akina mama hawakuniuliza shida yangu. Walinipa msumari na kikombe cha chai wakaendelea na stori zao. Baada ya wiki chache nikaanza kulala. Nikaanza hata kucheka, mzee akashangaa ni nini imenipata.

Kibuyu changu cha kwanza nilichora shamba la chai. Wanawake wenye vikapu wamesimama kando, mashine inapita katikati. Nilipokimaliza, mwenzangu mmoja ambaye pia alifutwa kazi akalia. Haki sijawahi kujisikia mtu hivyo maishani.

Mwezi uliopita kijana akatuletea wazazi wa msichana anayetaka kumuoa. Kwetu mgeni wa heshima hupewa mursik, na mimi na maringo yangu nikamimina kutoka kwa kile kibuyu. Mama wa msichana akakigeuzageuza, akauliza ni nini imechorwa. Nikamweleza hao ni sisi, na hiyo ndiyo mashine iliyotutoa kazini.

Akauliza kwa upole, "Na huyu dereva wa kofia nyekundu ni nani?"

Kijana wangu alikuwa ameketi hapo hapo, kofia yake nyekundu iko kwa goti. Nikachukua kibuyu nikawaongezea. Tulikunywa mursik kama tuko matanga.

Wageni walipoenda aliniambia, "Mama, nimewalisha na hiyo mashine, na wewe umenichora kama mwizi."

Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa na simu yangu hashiki. Mzee amesema nikivunje kibuyu mbele ya kijana na niachane na kikundi, la sivyo siku ya kupeleka mahari nitabaki nyumbani na ng'ombe. Wasichana wangu wako upande wa baba yao. Hata jirani aliyenipeleka huko ananiambia nikubali tu yaishe.

Wote nimewaambia ile kofia haina maana, ni shanga nyekundu zilikuwa zimebaki. Nimewadanganya. Nilijua ni yeye. Nilipanga zile shanga moja moja nikiwa na hasira naye, mtoto niliyemsomesha kwa majani hayo hayo, na nilipomaliza ndiyo nikapata usingizi.

Sasa nyinyi wenye watoto, nipeni akili. Nikikivunja na kuacha kikundi, najua vile nitarudi kuwa. Nikikataa, kijana wangu ataoa bila mama. Msamaha naweza kumuomba hata leo. Lakini akiniangalia aniulize kama nilikuwa namaanisha, nitamwambia nini?