Baba Alipopanda Mlima wa Theluji

Harufu ya blanketi lililoloa hainipi raha mpaka leo. Nikiisikia siwezi kukaa. Lazima niinuke, nifungue mlango, nitazame kusini.

Mlima Kenya huonekana vizuri kutoka Isiolo asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Miaka ile ya vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, sisi wafugaji wa Kiborana tulikuwa tumekusanywa na serikali kambini, tumezungushiwa seng'enge. Ng'ombe waliokutwa malishoni mbali walipigwa risasi, na wachungaji vilevile. Wetu kumi na mmoja, kwa kukosa malisho, walibaki mifupa na ngozi. Basi Baba akaamua kuwapandisha mlimani, ambako askari hawakufika.

Nilikuwa na miaka minane. Mwalimu wetu, Mmeru mpole aliyependa kututisha, alikuwa ametuambia kwamba mlima ule uliwahi kutapika moto. Nikamshika Baba shuka.

"Usiende, Baba! Chini ya theluji kuna moto!"

"Vizuri," akacheka. "Nitauota."

Alitoka na kibali cha siku moja cha kunywesha ng'ombe. Hakurudi.

Tangu hapo sikutulia. Kila asubuhi nilisimama kwenye seng'enge nikitafuta moshi. Siku moja wingu jeusi lilipanda kileleni, nikapiga kelele, "Unawaka! Unawaka!" mpaka wazee wakaacha chai yao. Walinicheka wiki nzima. Mama hakucheka. Yeye aliutazama ule weupe, jinsi ulivyozidi kushuka.

Wiki ya tano, mkulima mmoja wa Kimeru alimleta Baba juu ya punda, amefunikwa blanketi linalochuruzika maji. Askari wa langoni walimtazama miguu, wakamwacha apite. Alikuwa amefukuzwa na walinzi wa msitu, akapanda zaidi, akapotea kwenye ukungu karibu na theluji. Ng'ombe saba walikufa kwa baridi. Vidole vyake vitatu vya mguu vilikuwa vyeusi kama makaa, vikakatwa hospitalini.

"Moto wako nimeutafuta, Halima," alininong'oneza. "Sikuuona."

Nililia na kucheka kwa pamoja.

Kwa miaka mingi nilimwekea Mama kinyongo, kwa sababu yeye ndiye aliyemfungia Baba chakula cha safari. Nilikuwa nimeshaolewa nilipopata ujasiri wa kumuuliza, tukichemsha maziwa, kwa nini alimruhusu aende kwenye baridi asiyoijua.

Aliendelea kukoroga. "Huku chini nilijua watamuua," akasema. "Kule juu sikujua."

Utotoni nilidhani mtu huchagua kati ya hatari na usalama.