Kitabu cha Babu Katika Moshi wa Mbuta

Nilikifukiza kitabu cha babu pamoja na mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Naungama mapema, maana hapa kisiwani Rusinga wengine wameshanisemea.

Kilikuwa kitabu cha nyimbo cha kanisa, jalada la ngozi, kizee kuliko marehemu baba. Kwenye kurasa za nyuma babu aliandika majina ya watoto wote wa boma, na kila anayezaliwa huongezwa. Ndugu zangu walienda Awendo kutafuta kazi. Mimi nilibaki nyumbani, nimekaa kwenye kiti changu, ndiyo maana shangazi akanipa kitabu: mtu asiyetoka hapotezi kitu.

Wiki moja shangazi akatuma habari kwamba Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, atakuja kuandika jina la mjukuu wake. Nikafungua sanduku nilimokiweka kitabu. Wadudu walikuwa wametoboa pembe zake zote.

Jirani yangu hukausha samaki kwa moshi, na samaki wake haguswi na mdudu. Nikamwomba nafasi ya kufukiza kitabu jikoni mwake.

"Weka kwa wavu wa juu," akaniambia. "Chini mafuta ya samaki yanadondoka."

Mimi na cheti changu cha kidato cha nne tukaona moshi mzito uko chini. Nikakiweka chini, nikarudi kukaa.

Wadudu walikufa, hilo sikatai. Lakini kitabu kilitoka kinang'aa mafuta. Ukisoma jina la baba, unaona la nyanya upande wa pili. Nikakirudisha sandukuni, na paka wa nyumbani akahamia juu ya sanduku.

Jumamosi shangazi alikifungua, akanusa, akanitazama.

"Hiki kimekula nini?"

"Wadudu wameisha, shangazi."

Akachukua kalamu. Ikateleza. Akausugua ukurasa kwa kiganja, akajaribu tena. Mafuta yakakataa wino. Mtoto mwenyewe yuko mgongoni kwa mama yake, aliyekuja na shangazi, amelala, hajui kwamba bado hajaingia kwenye ukoo. Mwishowe shangazi akapata mahali pakavu, upana wa kidole, karibu na mshono. Akabana jina hapo, herufi kama sisimizi.

Nikashusha pumzi. Yeye akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kukifungia kitabu humo aondoke nacho.

"Shangazi, niachie. Sasa nimejua."

Akamgeukia jirani, aliyekuwa amekaa mlangoni akitazama yote. "Wewe unaishi naye karibu. Hiki kitabu nimwachie nani?"

Jirani hata hakufikiri.

"Mwachie paka, mama. Tangu juzi yeye ndiye hajatoka hapo."