Dirisha la Pili la Furaha

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ile ya mtaa wa Malvern, huku ukimbizini, mwaka 2015, Daktari Mkuu alinionyesha kabati la mafaili ya wagonjwa. "Mzee, haya yote yaingie kwenye kompyuta," akasema. "Tunaanza Jumatatu." Nilikuwa nimeandika programu Lubumbashi kabla ninyi vijana mnaoandika programu leo hamjazaliwa, nikajibu bila kufikiri kwa lugha ya mtaa: sharp, yaani sawa, Daktari.

Programu yangu ilipofunguliwa ilibeba orodha nzima ya wagonjwa, na ukihifadhi iliirudisha yote juu ya ile ya awali. Kwa hiyo ilipaswa kuwa na kufuli la kuzuia isifunguliwe mara mbili. Kufuli sikuliweka. Jumatatu ilinibana.

Mapokezini alikaa Furaha, mama wa Bukavu. Kwake, kumfungia mgonjwa faili angali ameketi mbele yako ni kumfukuza. Akija mwingine, alifungua programu tena, dirisha la pili juu ya la kwanza.

Siku moja aliandika kwenye dirisha la pili kwamba fundi cherehani mmoja, mama Mrundi, asidungwe penisilini. Akahifadhi. Kisha akarudi kwenye dirisha la kwanza, lenye orodha ya zamani, akahifadhi tena. Onyo likafutika. Wiki iliyofuata nesi aliona faili safi, akamdunga penisilini. Yule fundi alivimba koo, akakimbizwa hospitali. Alipona, Mungu asifiwe.

"Furaha hakuandika," Daktari Mkuu akasema. "Aende nyumbani."

"Niliandika, Papa!" Furaha alinililia mimi. "Nakuapia, niliandika!"

Nilirudi mezani kwangu bila kumtetea. Niliogopa, jamani. Kwa umri wangu, na karatasi zangu za ukimbizi, nani angeniajiri tena?

Siku ya tatu niliiacha chai mezani. Nikaingia ofisini kwa Daktari Mkuu, nikamweleza yote.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Eish, Mzee," akasema, akainua simu kumwita Furaha arudi kazini. Alimwambia tu kwamba hitilafu imepatikana.

Kufuli nililiandika asubuhi ile ile. Programu ikiamka inaiomba kompyuta kufuli lenye jina lake. Likiwa limeshikwa, nakala ya pili inaleta mbele dirisha la kwanza, kisha inajifunga. Msitumie faili kama kufuli: umeme ukikatika faili linabaki, na watu wanafungiwa nje. Kufuli la mfumo wa kompyuta huachiliwa programu ikifa. Na ndani ya dirisha lile moja niliweka nafasi ya wagonjwa kadhaa, ili Furaha asimfukuze mtu.

Nilistaafu mwaka 2019. Kwenye chai ya kuniaga Furaha alisimama, akasema mbele ya wote, "Huyu Papa ndiye alinitetea." Wakapiga makofi. Daktari Mkuu aliangalia kikombe chake. Mimi nikasema asante.

Furaha, kama haya yatakufikia: nilijua siku ile ile uliyolia.