Udongo Ukipasuka Shinani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: daftari la mahudhurio, boksi la chaki, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkorosho, ambacho ndicho kilikuwa kengele yetu. Cha nne, fimbo, nilionyeshwa tu mahali kilipo. Ilikuwa Masaki, Kisarawe, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa kijana mbichi kutoka chuo cha ualimu, nina cheti cha daraja la pili, kaptura iliyopigwa pasi ikakakamaa, na majivuno ya kumtosha mtu mkubwa kuliko mimi.

Nikaingia darasa la nne, somo la kusoma. Watoto wakasimama, wakasoma ukurasa mzima kwa sauti moja bila kukwama hata mahali pamoja. Nikajiona nimeangukia kwenye asali. Nikawaambia, "Vizuri sana. Sasa anzeni mstari wa tano."

 Kisha ukasikika mnong'ono darasa zima. Walikuwa wamerudi mwanzo, wanaipita mistari minne kwa kunong'ona, na walipofika wa tano wakapaza sauti kwa furaha. Hawakuwa wakisoma hata kidogo. Walikuwa wamekihifadhi kitabu kama walivyohifadhi sura za Kurani chuoni kwa maalimu wao, ila huko walikuwa na sababu ya kuhifadhi, na hapa hakuna aliyejua sababu.

Jioni nikampelekea habari Mwalimu Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa kanzu Ijumaa na koti siku nyingine zote. Akanisikiliza huku akichonga penseli.

"Mkaguzi akija huanzia mstari gani?" akaniuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Huanzia wa kwanza. Basi na wewe anzia wa kwanza, utadumu."

Nilidumu. Ninyi mnaosoma haya pengine hamjui mkaguzi alikuwa nani. Alikuwa Mzungu wa idara ya elimu aliyezunguka shuleni, akafungua azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, akalilinganisha na madaftari ya watoto, kisha akauliza maswali. Alichokiandika kwenye kitabu cha wageni ndicho kilichoamua kama utapanda au utabaki. Mimi nilipanda. Darasa langu lilijibu kama santuri, nami nikahamishiwa shule ya kati pale Kisarawe, karibu na boma, kufundisha darasa la tano na kuendelea.

Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika, na nashukuru yaliharibika.

Kutoka darasa la nne kwenda la tano palikuwa na tundu la sindano. Watoto walikuwa wengi, nafasi chache, na mtihani mmoja ndio uliochagua. Aliyekosa alirudi shambani kwao na habari yake ya shule ikaishia hapo. Karatasi zilikusanywa kutoka shule zote za vijijini, zikaletwa kwetu, na walimu tukakaa kuzisahihisha tukiwa na mwongozo wa majibu kutoka juu. Kazi ya msahihishaji haikuwa kufikiri. Ulitazama mwongozo, ukatazama karatasi, ukaweka vema au kosa.

Mwaka mmoja swali la kilimo liliuliza, "Utajuaje kuwa muhogo umefaa kung'olewa?" Mwongozo ulisema: baada ya mwaka mmoja. Nikasahihisha karatasi nyingi zilizosema mwaka mmoja. Kisha nikafika kwenye ya mtoto wa kijiji cha Chole, aitwaye Kondo Pazi. Yeye aliandika hivi: "Sitahesabu miezi. Nitatazama udongo shinani. Ukipasuka, mihogo imejaa."

Nakumbuka nilicheka. Nikaweka kosa, wino mwekundu, nikageuza karatasi nyingine. Kondo alikosa nafasi kwa alama moja.

Ningekwisha kumsahau lau si shamba la shule. Shule za kati wakati ule zililimishwa sana, na muhogo wetu tuliupanda kwa kamba, mstari umenyooka kama askari wa gwaride. Mwaka ulipotimia nikawatoa wanafunzi na majembe. Mvua ilikuwa mbaya mwaka ule. Tuling'oa vitu vyembamba mithili ya vidole, na watoto wakanitazama, nami nikatazama kalenda.

Bwana Shamba wa wilaya, mtu mcheshi kutoka upande wa Mlandizi, alikuwa anapita na baiskeli yake. Akashuka, akaokota kimoja, akakipima kwenye kidole chake cha shahada.

"Mwalimu, nani kakwambia ung'oe?"

"Mwaka umetimia."

"Muhogo unajua mwaka? Hukutazama udongo shinani, umepasuka au bado?"

Majembe yakaendelea kulia nyuma yangu, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kwa mawazo. Nilikwenda stoo, nikafungua mafurushi ya karatasi, maana tulizitunza mpaka mtihani mwingine ndipo tukazichoma. Nikaikuta ya Kondo. Nikaisoma mara mbili, tatu. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya uangalie mlangoni kama kuna mtu. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Mwalimu Mkuu wa shule ya kati hakupenda niliyomwambia. "Ukifungua karatasi moja, zote zitafunguka. Na jina lililosahihisha ni lako. Umefikiri kuhusu cheti chako?"

"Nimefikiri, Mwalimu. Mtoto yule ana haki yake."

Akafungua daftari la mahudhurio la darasa la tano. Mwishoni akasema Mkaguzi anakuja mwezi ule, na kuna mwanafunzi mmoja wa darasa la tano amehama, nafasi ipo. Nikimleta mtoto, ataulizwa mbele ya Mkaguzi. Akifaulu, ataingia. Akishindwa, nisilitaje tena.

Nikapanda baiskeli alfajiri kwenda Chole, mchanga ukinishusha kila baada ya kilima. Nikamkuta baba yake, Mzee Pazi, anapalilia mikorosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Kuna heri?"

Nikamweleza yote, hata kicheko changu sikukificha. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema tu, "Ule udongo nilimwonyesha mimi. Alipokosa, nilidhani nimempoteza mwanangu." Akamwita Kondo, akamwambia avae shati.

Siku ya Mkaguzi tulisimama kwenye kipande cha shamba ambacho hatukukigusa. Nilipachagua makusudi, kwa sababu baadhi ya mashina udongo wake ulikuwa umepasuka na mengine bado. Jibu lilikuwa chini ya miguu ya Kondo. Mkaguzi akavua kofia, akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka sana, "Kijana, utajuaje kuwa muhogo umefaa kung'olewa?"

Kondo akatazama udongo. Niliona macho yake yakienda kwenye ufa, yakasimama pale. Kisha akainua kichwa, akabana mikono mapajani.

"Baada ya mwaka mmoja, Bwana."

"Sahihi," akasema Mkaguzi. "Mvulana mzuri. Aingie."

Mwalimu Mkuu akanipa mkono. Nilitaka kulia.

Tulipobaki wawili nikamwuliza Kondo mbona hakusema lile la kwanza. Akashangaa kwamba nauliza. "Mwalimu wetu alituambia baada ya mtihani jibu lilikuwa hilo. Nikalishika nisikosee tena, Mwalimu."

Basi hivyo ndivyo alivyoingia darasa langu: kwa jibu nililomfundisha mimi, kwa wino mwekundu. Alikuwa mwanafunzi hodari. Alipata vema kila mahali, na karibu miaka minne sikumsikia akisema jambo moja la kwake.

Tangu hapo nikaanza kujiuliza tunapima nini hasa. Nikaanzisha kitu kisichokuwamo katika azimio la kazi. Kila Alhamisi watoto waliniuliza mimi, na aliyeuliza swali nisiloweza kulijibu alipata alama, ikaandikwa katika daftari la maswali. Mwanzo waliona nawatega. Mmoja akauliza kwa nini mkorosho wa kwao huzaa mwaka huu na mwakani hugoma. Sikujua. Tukaenda kuutazama. Mwingine akauliza mto Ruvu ukifurika huwa maji yametoka wapi, na hapa kwetu mvua haijanyesha. Tukatafuta ramani, tukaufuata mto kwa kidole mpaka milimani. Mkaguzi aliliona daftari lile akaandika "si lazima". Nikaendelea nalo.

Kondo aliuliza mara moja tu, wiki ya mwisho kabla ya kumaliza darasa la nane. Alisimama, akabana mikono mapajani kama siku ile, akasema, "Mwalimu, udongo ukipasuka na kitabu kikisema bado, wewe ungeng'oa?"

Darasa likanitazama. Nikaandika daftarini, "Swali zuri," nikampa alama, nikapiga reli watoto watoke. Mwalimu anayekimbia huandika hivyo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kibaha, wakati ikiwa nyumba chache tu kando ya barabara ya Morogoro. Nilistaafu, nikahamia Mlandizi, nikalima. Mwezi uliopita nilikuta udongo umepasuka shinani, na kwa hesabu muhogo ulikuwa na miezi tisa tu. Nikasimama pale na jembe langu muda mrefu, mtu mzima na mvi zake, kama nasubiri Mkaguzi apite. Kisha nikang'oa. Ulikuwa umejaa.

Karatasi ya Kondo ninayo bado. Nilinawa mikono, nikaifungua mezani, nikakata lile kosa na kuweka vema. Kisha nikavaa kanzu, nikampa dereva wa lori la Kisarawe furushi la mihogo ampelekee Kondo kwake Chole, na ndani nimeifunga karatasi yake, na chini ya jibu lake nimeandika neno moja nililomnyima siku aliyoniuliza: "Ningeng'oa."