Jibu la Mzee Ninalo Mimi

Admini, naomba ufiche jina langu kabisa, maana kanisani kwetu watu wanafungua ukurasa huu kuliko wanavyofungua Biblia. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nalima vitunguu saumu huku Tlawi, Mbulu. Sina mume, nina binti wa miaka tisa. Mama yangu ni Mwiraqw, marehemu baba alikuwa Mbarbaig wa Hanang, kwa hiyo Kibarbaig nakiongea vizuri. Hicho Kibarbaig ndicho kilichonifikisha hapa.

Baba wa binti yangu namjua, na yeye anajijua. Ni mdogo wake mchungaji wetu. Enzi hizo alikuwa anapiga kinanda, mimi naimba sauti ya kwanza. Mimba ilipoonekana nilienda kwa mchungaji, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kila kitu nikilia. Akanijibu, "Binti, usimchafue mtumishi wa Mungu." Jumapili iliyofuata nikasimamishwa madhabahuni peke yangu na tumbo langu, nikatubu kwenye kipaza sauti, nikatolewa kwaya. Wimbo wa toba aliupiga yeye baba wa mtoto kwenye kinanda, na kichwa hakuinua. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Sasa kanisa letu linataka kufungua kanisa jipya, na huyo mpiga kinanda, siku hizi mwinjilisti, ndiye atakayeliongoza. Kamati ilizunguka kutafuta mji. Katesh waliona makanisa ni mengi, spika zinashindana. Wakaupenda mji mdogo unaokua huko tambarare ya Hanang, una mnada wa ng'ombe na hauna kanisa hata moja. Tatizo, eneo lenyewe ni la ukoo wa mzee mmoja wa Kibarbaig asiyejua Kiswahili. Hapo ndipo nilipokumbukwa! Mchungaji alinifuata mwenyewe shambani, akanikuta nang'oa vitunguu, eti, "Dada yangu, Bwana ana haja na wewe." Miaka yote hiyo sikuwa dada yake.

Nilienda. Mzee alitukaribisha maziwa, akawasikiliza vizuri, kisha akauliza swali moja tu: huyu mnayetaka akae na sisi, ana watoto? Nikatafsiri. Mwinjilisti akanyoosha kola ya shati, hata kunitazama hakunitazama, akasema, "Mwambie mzee sina mtoto. Nimejitunza kwa ajili ya kazi ya Bwana."

Jamani! Maneno hayo yatoke kwenye mdomo wangu mimi? Nikamgeukia mzee, nikamwambia kwa Kibarbaig, taratibu, "Ana binti wa miaka tisa. Nimemzaa mimi. Hajawahi kumnunulia hata daftari." Mzee akamtazama yule, akanitazama mimi. Halafu akasema, "Eneo nitawapa. Lakini aje na mtoto wake, amshike mkono mbele ya watu wangu, aseme huyu ni wangu. Bila mtoto wasirudi hapa."

Mchungaji akauliza, "Mzee anasemaje?"

Nikamjibu, "Anasema atafikiria."

Wiki ya tatu hii wanafunga na kuomba. Wanasema mapepo ya ule mji yamefunga mlango. Mapepo gani? Ni mimi! Nakaa benchi la nyuma nawatazama wanavyokemea, na sitawadanganya, nasikia raha.

Juzi mchungaji kanipigia, anasema hawawezi kusubiri zaidi. Jumapili hii mji unatangazwa, hivyo nipite mbele nilieleze kanisa zima neno la mwisho la mzee. Madhabahu ile ile, kipaza sauti kile kile. Gauni nimeshalipiga pasi. Nataka niliseme neno kwa neno, nikimwangalia usoni, na safari hii ainue kichwa.

Kinachonizuia ni kimoja. Binti yangu yuko kwaya ya watoto, atakuwa amesimama hatua mbili tu kutoka nilipo. Nilimwambia baba yake yuko mbali. Na anayewafundisha kuimba ni huyo huyo mwinjilisti, anamwita mwalimu, anampenda. Jumamosi alirudi mazoezini anarukaruka: "Mama, mwalimu amesema nina sikio la muziki, eti hajui nimelitoa wapi!"

Nilishindwa hata kumenya vitunguu. Hajui!

Msiniletee habari za kusamehe, nimehubiriwa sana hizo na mtu aliyenisimamisha pale. Mlio na watoto ndio nawauliza, na mnijibu kabla ya Jumapili: nitafsiri yote mwanangu akisikia, au nirudie tena kwamba mzee bado anafikiria?