Pua ya Bombay

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, kwa kuwa nilivaa kanzu nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo ili niende kumwacha mke wangu.

Niwie radhi nikianzia nyuma kidogo. Miaka ile, kabla Wazungu hawajaanza vita vyao vikubwa, nilirudi Lamu kutoka chuo kikuu cha Misri na sanduku moja la vitabu, na kiburi ambacho hakuna sanduku ambalo lingekitosha. Nikaozwa Mwana Esha, binti ya mjomba wangu. Nikaha ilifungwa, na siku ya kuingia nyumbani kwake ikawekwa baada ya mavuno. Utotoni tulicheza pamoja mpaka alipotiwa ndani, kama ilivyokuwa desturi ya wasichana wa mji wetu, na tangu hapo sikumwona tena. Mtu alimjua mchumba wake kwa sauti ya nyuma ya pazia na kwa ladha ya mikate anayomletea.

Kabla ya mavuno nilikwenda bara, kwenye shamba la baba karibu na Mkokoni. Joto likanizidi, nikalala nje ya kibanda. Nilikuwa nimesoma kwamba fisi ni mwoga. Fisi mwenyewe hakuwa amesoma. Nilipozinduka, pua yangu haikuwepo.

Baba akanipakia meli ya moshi hadi Bombay. Kule tabibu wa Kihindi, aliyerithi kazi hiyo kwa mababu zake, alichana ngozi ya paji langu kwa umbo la jani la tambuu, akaigeuza chini na kuishona pale palipobaki tundu. Maumivu yake siyaelezi. Nilipopona nikapewa kioo. Ilikuwa pua, siwezi kukataa, ila haikuwa ya mtu yeyote niliyemjua. Tena ilikuwa na kituko chake: nzi akitua puani, mimi nilijikuna paji, kwani ngozi ile ilijidhani bado iko juu.

Nikarudi Lamu, wala sikwenda kwa mke wangu. Kwetu mume ndiye anayehamia nyumba ya mke, nyumba ambayo mke hupewa na baba yake, na asiyebisha hodi haingii. Nilijificha kwa ami yangu, Bwana Athmani, muuza samli wa mtaa wa Langoni, ncha ya kilemba nimeizungusha usoni nikabaki macho tu. Hata msikitini sikwenda. Anayesali hatakiwi kuziba uso wake, nami niliona heri kukosa sala ya jamaa kuliko kuonekana.

Kila mchana Mwana Esha alituma mtu aniletee sinia ya chakula pamoja na salamu. Nilikila, maana kiburi changu hakikushuka hadi tumboni, lakini salamu sikurudisha. Hatimaye nikamwambia ami, "Nimeamua kumwacha. Nipelekee neno wewe. Bado kijana, atapata mwenye uso."

Ami alikuwa akichuja samli. "Umemuuliza?"

"Namwonea huruma, ami."

"Wajionea huruma mwenyewe, yeye umemfanya kisingizio. Mficha uchi hazai, mwana wa ndugu yangu. Haya, nitalipeleka. Mimi ni ami tu, si kadhi."

Alirudi akiwa anajizuia kucheka. "Asema talaka haipokei kwa muuza samli. Aliyemuoa kwa ulimi wake aende akamwache kwa ulimi wake. Na ulimi, asema, hukaa usoni, basi na uso uende."

Ndipo nikavaa ile kanzu. Nilipita vichochoro vya nyuma kama mwizi, nikabisha hodi.

"Karibu," sauti ikatoka ndani. "Ndia waiyua."

Njia niliijua, maana nyumba ile niliikimbilia tangu utoto. Alikuwa ameketi kitandani, mtandio mwepesi umemfunika kichwa na uso kama bibi arusi. Nami nimesimama na kilemba changu. Tulikuwa kama vyungu viwili vyenye mifuniko.

"Haya, sema neno lako."

Neno nililolikariri njia nzima nikaliacha. Nikasema, "Hujui nilivyo."

"Najua. Watu wasema umeshonwa pua ya ngozi ya mbuzi."

"Ya paji langu."

"Afadhali. Mbuzi wananuka."

Sikucheka. Nikaanza kumweleza, kwa Kiswahili cha vitabuni, kwamba mtu aliyemjua hayupo tena. Akainua mkono.

"Na mimi uliyemjua, yuko? Ulipokuwa Bombay, ndui ilipita mji huu nyumba kwa nyumba. Umekaa Langoni mwezi mzima ukila chakula changu, hukutuma mtu kuuliza: Esha, wewe ilikupata?"

Nimeumwa na fisi, mwanangu. Hakuuma kama swali lile.

"Ilikupata?" nikauliza.

"Funua uone. Ndiyo kazi ya bwana arusi. Lakini kwanza wewe."

Nikalegeza ncha ya kilemba. Kilemba kilipoanguka, nikaona mabega yake yakirudi nyuma, na miguu yangu ikaanza kuelekea mlangoni.

"Ngoja," akasema. "Nimeshtuka, sitakudanganya. Mtu akiingia na mgeni asiyemtaja, mwenye nyumba hushtuka. Niache nimzoee mgeni wako."

Akanyoosha kidole, akaigusa ile pua polepole. Nikaruka. "Wanigusa paji," nikamwambia.

Alidhani nimerukwa na akili. Akagusa tena. "Hapa?"

"Hapo ni paji."

Wajua, mwanangu, kwamba siku ya kuingia, bwana arusi humwekea bibi arusi mkono pajini akamsomea dua. Mwana Esha akaifunika pua yangu kwa kiganja chake chote. "Basi mmoja wetu na aanze," akasema, huku analia na kucheka, akaisoma dua yeye. Niliitikia amina kwa sauti ya puani. Kisha nikaufunua mtandio wake. Nilichokiona ni siri yangu na yeye.

Ijumaa nilikwenda msikitini uso wazi. Watu walikodoa macho, ami akawaambia, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini usidhani yaliisha hapo. Asubuhi nyingi aliamka akashtuka kabla hajanitambua, nami nilikwepa vioo hata vya watu. Tulizoeana kama mtu anavyozoea nyumba mpya, kwa kujigonga.

Basi mwanangu, ukijeruhiwa, usimwamulie mwenzio kwamba hatakuweza. Nenda ukabishe hodi, naye aamue kwa kinywa chake. Akishtuka, mpe nafasi. Kushtuka si kukataa. Na maumivu yako yasikusahaulishe kuuliza ya mwenzio, kwani ulipokuwa umejifunika, ndui ilikuwa ikipita.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akujaalie wa kukuwekea mkono pajini, popote paji lako litakapokuwa.